Neno «na» katika luga zilizotungwa Ulaya



Katika maneno yote ya luga, neno «na» ni mojawapo la yale mafupi kabisa, na kwa sababu ya ufupi wake hakuna anayelifikiri. Mtu akisema «bugali na ndagala», masikio yetu yashika bugali, yashika ndagala. Ile «na» yapita katikati kama mtumishi aliyeleta sahani akaondoka. Lakini mjaribu kusema muda wa siku moja bila neno hilo, mtaona mara moja kazi yake. Bila «na» hakuna mume na mke, hakuna mbingu na inchi, hakuna usiku na mchana.

Sasa kumekuwako huko Ulaya watu walioketi mezani wakatunga luga mpya, kusudi mataifa yote yasikilizane. Watu hao hawakupokea neno lo lote kwa mama zao. Ilibidi walichague kila moja, hata hili «na». Kwa hiyo ukitaka kujua mawazo ya mtunga luga, usitazame maneno makubwa, kama «amani» au «undugu». Hayo karibu wote wameyapenda. Mtazame alipofika kwenye «na», alichukua nini, wapi, na kwa sababu gani.

Jambo hili si geni kwetu sisi wa Nyamianda na wa pwani yote ya Uvira. Hapa mtoto asikia Kivira, Kifuliru, Kibembe, Kirundi, Kiswahili, Kilingala, tena shuleni Kifaransa. Shauri la luga moja ya kuunganisha watu, twaliishi kila siku sokoni. Basi tulichunguze kwa taratibu.

1. Majina matupu si luga

Wa kwanza tunayemtaja ni Mtakatifu Hildegard von Bingen, mtawa wa Ujeremani aliyeishi tangu 1098 mpaka 1179, naye Baba Mtakatifu alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa mwaka wa 2012. Hildegard alitunga orodha ya maneno elfu moja hivi, yasiyojulikana na mtu mwingine, akayaita kwa Kilatini «Lingua Ignota», maana yake luga isiyojulikana. Lakini maneno yale karibu yote ni majina ya vitu: majina ya Mungu na malaika, ya watu, ya viungo vya mwili, ya miti, ya ndege. Hakutunga «na». Alipoyatumia maneno yake katika wimbo, aliyapachika ndani ya Kilatini, na «et» ya Kilatini ndiyo iliyoyashika.

Hapo tuna fundisho la kwanza. Majina ni matofali, na maneno madogo ni udongo wa kuyashika. Mwenye matofali elfu bila udongo hana ukuta bado. Wale watunga luga wa nyuma, waliotaka luga ya kusemwa kweli, ilibidi watafute udongo wao wenyewe.

2. Chemchemi mbili: «et» na «kai»

Watunga luga wa Ulaya hawakuteka maji po pote tu. Kwa neno hili chemchemi kubwa zilikuwa mbili, nanyi wanafunzi wa seminari mwazijua zote mbili.

Ya kwanza ni Kilatini. Waroma walikuwa na «et», ambayo yasimama katikati ya maneno mawili kama «na» yetu: Patris et Filii. Walikuwa pia na «-que», ambayo haisimami peke yake, bali hushikamana na mkia wa neno la pili. Ile Q katika herufi S.P.Q.R. za Waroma ni hiyo: Senatus Populusque Romanus, yaani baraza na watu wa Roma. Tazameni tofauti: sisi tukiunganisha, twaweka mbele, «naye», «nami», wao waliweka nyuma.

Msidharau kipande hicho cha «-que». Katika Sala ya Imani ya Kilatini mna neno «Filioque», maana yake «na Mwana». Neno hilo halikuwamo katika maandiko ya Mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 381. Liliongezwa upande wa magharibi, na huko Roma likaimbwa katika Misa mwaka wa 1014. Wagriki hawakulikubali, na pamoja na sababu nyingine likawa jiwe la mafarakano kati ya Mashariki na Magharibi, yanayohesabiwa tangu 1054. Basi asiseme mtu kwamba neno fupi ni jambo dogo.

«Et» ilizaa watoto wengi. Kwa Kiitalia na kwa Kireno ikawa «e». Kwa Kispania ikawa «y», isomwayo «i». Lakini neno linalofuata likianza kwa sauti ya «i», warudi kwa «e», kama «padre e hijo», baba na mwana, kwa sababu herufi h ya kule haisikiki. Kwa Kifaransa walihifadhi maandiko «et», lakini t yake haitamkwi kamwe, hata mbele ya vokali. Ile alama & mnayoiona kwenye vibao vya maduka, nayo ni «et» hiyo hiyo: E na t zilizoandikwa kwa mkono mmoja bila kuinua kalamu.

Chemchemi ya pili ni Kigiriki. Wagriki wasema «kai». Hilo ndilo neno linalorudi kila mara katika Injili za Kigiriki, hata mwanafunzi wa siku ya kwanza alikumbuka kabla ya mengine yote. Wagriki wa leo walitamka karibu na «ke», lakini katika shule za Ulaya wanafunzi walifundishwa kusema «kai».

3. Padri Schleyer na «e» yake

Mtu wa kwanza aliyetunga luga ikapata wafuasi wengi alikuwa padri. Johann Martin Schleyer alizaliwa mwaka wa 1831, akawa paroko wa Litzelstetten, kijiji cha Ujeremani kwenye ziwa Bodensee. Ziwa lile lapakana na Ujeremani, Uswisi na Austria, kama vile Tanganyika inavyotazamwa na inchi mbalimbali. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba usiku mmoja wa mwaka 1879, usingizi ukiwa umemkimbia, alisikia ndani ya moyo amri ya Mungu ya kutunga luga ya watu wote. Mwaka wa 1880 alitoa kitabu chake. Aliiita luga ile «Volapük»: «vol» ni dunia, «pük» ni usemi.

Schleyer alikata na kugeuza maneno mpaka wenyewe wasiyajue tena. Nani atatambua kwamba «vol» yatoka kwa Kiingereza «world», na «pük» kwa «speak»? Lakini alipofika kwenye «na», aliacha kisu chake. Alichukua «e», kama ya Waitalia. Mkate na samaki, kwa Kivolapük, ni «bod e fit». Na neno linalofuata likianza kwa vokali, «e» yapata mkia, yawa «ed», kusudi vokali mbili zisigongane.

Luga hii ilienea upesi. Mikutano mikubwa ilifanyika mwaka wa 1884, wa 1887 na wa 1889, huu wa mwisho mjini Paris. Kisha ugomvi ukaingia. Auguste Kerckhoffs na wenzake walitaka kurahisisha sarufi. Schleyer akasema luga ni yake, neno la mwisho ni lake. Wafuasi wakatawanyika. Padri yule akafa mwaka wa 1912, akiwa ameiona luga yake ikiinuka, tena ikianguka.

4. Daktari Zamenhof na «kaj»

Ludwik Lejzer Zamenhof alizaliwa tarehe 15 Desemba 1859 katika mji wa Białystok, ambao leo ni wa Poloni na siku zile ulikuwa chini ya Urusi. Katika mji ule Wayahudi, Wapoloni, Warusi na Wajeremani walikaa mtaa kwa mtaa, kila kundi na luga yake na chuki yake. Yeye alikuwa Myahudi na daktari wa macho. Mwaka wa 1887, mjini Warszawa, alitoa kitabu kidogo chini ya jina «Doktoro Esperanto», yaani Daktari Mwenye Matumaini. Jina la mtungaji likawa jina la luga.

Katika Kiesperanto sehemu kubwa ya maneno yatoka kwa Kilatini na watoto wake, mengine kwa Kijeremani, Kiingereza na luga za Waslavi. Kwa «na» Zamenhof angeweza kushika «e» iliyokuwa tayari mkononi. Hakuishika. Alikwenda kwa Wagriki akachukua «kai», akaiandika «kaj». Mkate na samaki, kwake, ni «pano kaj fiŝo».

Mtaniuliza: Kwa nini kutembea mbali hivyo? Mwenye kutazama mpango wa luga yake aona faida. Katika Kiesperanto vokali za mwisho zina kazi maalumu: -o ni alama ya jina la kitu, -a ni ya sifa, -i ni ya tendo lisilo na nafsi, na -e ni alama ya neno lionyeshalo namna, kama vile «rapide», kwa haraka. Kama «na» ingekuwa «e» tupu, sikio lingesita: hii ni «na», au ni mkia wa neno lililotangulia? «Kaj» haina hatari hiyo. Yaanza na k iliyo ngumu, yamalizika kwa sauti ya y. Haichanganyiki na jirani zake.

5. Wanaorudi kwa «e»

Mwezi wa Oktoba 1907 halmashauri moja ilikutana Paris ili kuchagua luga ya kusaidia mataifa. Mkuu wa kazi yake alikuwa Louis Couturat, Mfaransa, mwalimu wa filosofia. Walipenda Kiesperanto, lakini walitaka kukitengeneza. Humo ikatoka luga iitwayo Ido, neno ambalo kwa Kiesperanto maana yake ni «mzao».

Kanuni ya Couturat ilikuwa hii: kila neno lichaguliwe lile linalojulikana na watu wengi zaidi katika luga kubwa za Ulaya. Luga zilizotazamwa zilikuwa sita: Kiingereza, Kifaransa, Kijeremani, Kirusi, Kiitalia na Kispania. «Kaj» ilipopimwa kwa mizani hiyo, ilionekana nyepesi, kwa maana hakuna hata moja kati ya sita isemayo hivyo. Ikaondolewa, «e» ikarudi: «pano e fisho». Na mbele ya vokali, «ed»: «pano ed aquo», mkate na maji.

Waliofuata walikwenda njia ile ile. Giuseppe Peano, Mwitalia, bingwa wa hesabu, alikuwa ametoa mwaka wa 1903 Kilatini kilichoondolewa mabadiliko ya miisho. Yeye alihifadhi «et» nzima, «pane et pisce». Edgar de Wahl, mkaaji wa Estonia, alitoa Occidental mwaka wa 1922 na «e» ndani yake. Otto Jespersen, Mdanimarki, mtaalamu mkubwa wa luga aliyekuwa katika halmashauri ya 1907, alitoa ya kwake, Novial, mwaka wa 1928, naye pia akachukua «e». Mwisho, mwaka wa 1951, ikatoka Interlingua, iliyotengenezwa huko Marekani chini ya uongozi wa Alexander Gode: «pan e pisce».

Hivyo «kaj» imebaki peke yake kama mgeni aliyeketi katikati ya ndugu.

6. Namna ya kutamka

Kwa msemaji wa Kiswahili, «e» haina shida. Itamkwe kama e ya «embe», fupi na safi. Katika «et» ya Peano, t isikike. Msiimeze kama Wafaransa.

Shida iko kwa «kaj», na sababu yake ni herufi j. Herufi hii yadanganya watu, maana kila mtungaji aliipa sauti yake:

Katika Kivolapük, j ni kama sh ya «shamba».
Katika Kiesperanto, j ni kama y ya «yai».
Katika Ido na Interlingua, j ni kama j ya Kifaransa katika «jour».
Katika Kiswahili chetu, j ni ile ya «jambo».

Basi Mfaransa asiyefundishwa akiona «kaj» atasoma kama «cage», yaani kizimba cha ndege. Na mtu wa kwetu ataisoma kwa j ya «jambo», kisha atatafuta vokali ya kumalizia. Wote wawili wamepotea. Mwitamke «kay», kwa pigo moja tu la sauti. Mchukue neno «chai», ambalo sisi twalisema kwa mapigo mawili, cha-i. Mkilifupisha mpaka yawe pigo moja, mtapata mwisho wa «kaj».

Kwa mambo mengine Kiesperanto kitawapendeza midomo. Vokali zake ni tano, a, e, i, o, u, kama zetu. Mkazo wa sauti waanguka juu ya silabi ya pili kutoka mwisho, kama zetu pia.

Tena mwone jambo moja. Waido walipoondoa «kaj», ilibidi walete «ed» kwa ajili ya vokali. Lakini «kaj» haikuhitaji dawa hiyo. Katika «pano kaj akvo», ile sauti ya y yajenga daraja yenyewe kati ya a na a. Warundi majirani zetu wana ugonjwa ule ule wa vokali kugongana, ila dawa yao ni kinyume. Hawaongezi herufi, bali waitoa: hawasemi «na umugore», wasema «umugabo n'umugore». Ido huongeza konsonanti, Kirundi humeza vokali, Kiesperanto hakina haja. Njia ni tatu, na kila moja ina akili yake.

7. «Na» yetu ina kazi nyingi

Mwenye kutafsiri ajihazari, kwa kuwa «na» ya Kiswahili hubeba mizigo ambayo luga hizi zimeigawanya.

«Petro na Paulo wamekuja»: hapa ni kuunganisha, Kiesperanto chasema «kaj».
«Petro amekuja na Paulo»: hapa ni kufuatana, nao wasema «kun». Ido nayo yasema «kun», Interlingua «con», Volapük «ko».
«Nina feza»: hapa ni kumiliki, nao hutumia tendo lingine kabisa, «havi».
«Amepigwa na mwalimu»: hapa ni kuonyesha mtenda, nao wasema «de».

Mtu wa kwetu akijifunza Kiesperanto na kuweka «kaj» mahali pote penye «na», atasema maneno ya kuchekesha. Wala tusifikiri kwamba Kiswahili ni maskini kwa sababu hiyo. Chatofautisha kwa njia nyingine: katika mfano wa kwanza tendo ni «wamekuja», katika wa pili «amekuja». Tendo lenyewe lafanya kazi ambayo wao wameipa maneno mawili.

8. Nani ahesabiwe?

Sasa tufike kwenye shina la shauri. Couturat alisema: tuhesabu watu, neno la wengi lishinde. Wenye kutetea «kaj» hujibu: neno ambalo si la taifa kubwa lo lote halimpendelei mtu, wote wajifunze sawasawa. Nani ana haki?

Tujaribu hesabu ile nyumbani kwetu. Kongo ina luga nne za taifa. Kiswahili chasema «na». Kilingala chasema «na», pamoja na «mpe». Kiluba cha Kasai chasema «ne». Kikongo chasema «ye». Akija mtunga luga mwenye mizani ya Couturat, mara moja atachagua «na», nasi wa Uvira tutapiga makofi. Lakini Mukongo wa magharibi atauliza: Kwa nini iwe ya kwenu? Na mtu wa kabila dogo, ambaye hakuwekwa hata kwenye mizani, atauliza nini? Zile luga sita za Couturat zilikuwa vivyo hivyo: luga za wenye nguvu. Kipoloni hakikuwekwa kwenye mizani, sembuse Kivira.

Hata Kiswahili kilipita katika shauri kama hilo. Mwaka wa 1930 halmashauri ya luga ya inchi za Afrika ya Mashariki ilianza kazi, na Kiswahili cha Unguja ndicho kilichochaguliwa kuwa kipimo cha vitabu. Watu wa Mombasa, wenye mashairi ya zamani katika usemi wao, hawakufurahi wote. Nasi huku Kongo twaendelea kusema «inchi» pale ambapo wao waandika «nchi».

Lakini upande wa «kaj» nao usijisifu mno. Kwa mtoto wa Nyamianda, Kiesperanto si luga isiyo na mwenyewe. Maneno yake karibu yote ni ya Ulaya, na mtoto aliyesoma Kifaransa atakutana na jamaa wengi humo, wakati ambapo mwenzake asiyesoma hatamjua hata mmoja. Usawa ule ni wa kweli zaidi kati ya Mfaransa na Mpoloni kuliko kati ya Mfaransa na Mfuliru.

Basi mambo yameishaje? Couturat alikufa mwaka wa 1914 katika ajali ya motokari. Ido ikaendelea kutengenezwa, na Jespersen akaiacha akatunga yake. Kiesperanto, pamoja na «kaj» yake ya kigeni, ndicho kilichobaki na wasemaji wengi kupita luga zote za kutungwa. Mwaka wa 1905, katika mkutano wao wa kwanza wa dunia mjini Boulogne-sur-Mer, wafuasi wake walikubaliana kwamba misingi ya luga haitaguswa na mtu, hata na Zamenhof mwenyewe. Mwaka wa 1990 Roma ilikubali Misa iadhimishwe kwa luga hiyo. Humo, pale Kilatini kilipokuwa na «et», husikika «kaj». Na mwezi wa Agosti 2024 mkutano wao wa dunia, wa 109, ulifanyika Arusha, Tanzania, mara ya kwanza katika Afrika.

Haifai kusema kwamba kilidumu kwa sababu ya «kaj». Kilikuwa na vitabu, vyama, magazeti, na watu waliokipenda. Lakini ni haki kusema kwamba «kaj» haikukizuia. Neno lililoshindwa kwenye mizani ya wataalamu lilishinda vinywani mwa watu, kwa kuwa waliolipokea walikubali kutolibadilisha kila mwaka. Schleyer alikuwa na «e», iliyo rahisi kuliko zote, na nyumba yake ilibomoka kwa sababu wenye nyumba hawakusikilizana. Neno la kuunganisha halina nguvu ya kuunganisha watu wasiotaka.

Ninyi vijana mnaojifunza luga, msikimbilie maneno marefu ili kuonekana wenye elimu. Mshike kwanza madogo: et, -que, kai, na. Mjue kila moja lasimama wapi, lashikamana na nani, lamezwa lini. Na mkimpata mwenzenu asemaye «ne» au «ye», mwulizeni namna mama yake anavyolitamka, kabla hamjamfundisha la kwenu.